Ukuta Alioulamba Jemadari

— Nina ngano!
— Imwage!
— Ina mchanga ndani!
— Tutapepeta!
— Ina uongo ndani!
— Tutatafuna nao!

Haya, sikilizeni. Nawapa ruhusa msiniamini. Tena nawaomba kabisa. Atakayeniamini kabla sijamaliza, nitamwita mjinga mbele ya mkewe. Shule mimi niliiacha darasa la tano, na msidhani ilinishinda. Mwalimu wetu alikuwa akitaja miji ya ulimwengu kama mtu anayesoma majina ya wafiwa. Nikamwambia, mwalimu, kaa chini, nitakuonyesha mji unavyosimuliwa. Akanionyesha mlango. Basi mji wenyewe ndio huu. Mwenye kubisha abishe sasa. Hakuna? Mtajuta.

Hapo kale, si kale ya bibi yako, kale ya bibi yake bibi yako, kulikuwa na mji Bara Hindi, katikati ya jangwa, ukiitwa Pilakot. Jangwa gani! Ukitema mate hayafiki chini. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvua alipewa jina la Mvua, na kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wasikutane na mwenye jina hilo hata mmoja.

Mji ulikaa juu ya kilima, umezungushiwa ukuta mnene, na ukuta wote ni wa mawe ya manjano. Asubuhi una rangi ya samli. Mchana una rangi ya zafarani. Jua likielekea kuzama, mji mzima unakuwa dhahabu, hata mbuzi wa maskini anaonekana ni mali ya mfalme. Misafara ya ngamia ilipita hapo na hariri, na pilipili, na manukato. Matajiri wakajenga majumba yenye madirisha ya mawe, mawe yametobolewa matundu matundu kama kofia ya viua. Ukikaa nyuma ya dirisha, upepo unakupuliza, unamwona kila apitaye, na yeye hakuoni. Wambea wa mji ule walistarehe, acheni tu.

Sasa shikeni hili, maana hadithi yote inaning'inia hapa. Mji wa Pilakot ulijengwa bila tone la chokaa. Chokaa inataka maji, na maji ya Pilakot yalikuwa ya kunywa tu. Ilikuwa sheria tangu mfalme wa kwanza: maji yasiguse jiwe. Basi waashi walichonga kila jiwe likawa na ulimi upande mmoja na mdomo upande wa pili. Ulimi wa hili unaingia mdomoni mwa lile, yanakabana, yanasimama miaka mia tatu. Mwashi akitema mate juu ya jiwe, wenzake humwuliza, "Hayo ulikuwa huyahitaji?"

Mji wa namna hiyo una uzuri wake na una ubaya wake. Ubaya ni kwamba unafumulika. Unaanzia juu, unang'oa jiwe moja moja, unapakia ngamia, unakwenda zako na mji wa watu.

Akatokea mtu mwenye wazo hilo. Jemadari Zorawar. Mtoto wa mwashi aliyegeuka mtu wa vita. Masharubu yake, jamani, yalikuwa na mtumishi wao peke yao. Alikuja na askari wengi kama siafu, akapiga kambi kando ya ziwa lililokuwa chini ya ukuta, ziwa ambalo mji wote ulikuwa ukichota. Lango likafungwa. Zorawar akasimama chini akapaza sauti:

"Watu wa Pilakot! Siwapigi. Siwarushii hata kokoto. Mimi nawasubiri tu. Mkiona kiu imewatosha, fungueni. Mtu nitamfunga kamba, jiwe nitalifunga kamba, vyote vinakwenda kwetu. Na jiwe msilivunje tafadhali, ninalitaka zima!"

Halafu akawaosha farasi wake ziwani, taratibu, mbele ya macho ya watu. Siku ya kwanza akawaosha. Siku ya pili akawaosha. Siku ya kumi na tatu bado anawaosha. Farasi gani wachafu hivyo?

Ndani ya mji alikuwamo mwanamke jina lake Dhapu, mchimba visima. Baba yake alikuwa mchimba visima, na mumewe pia, mpaka siku kisima kilipommeza mumewe. Arubaini ilipopita, Dhapu akachukua sululu fupi ya marehemu, akaenda kazini. Watu wakasema, huyu amerukwa na akili. Mtu mmoja hakusema kitu. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Jethi, mama wa marehemu. Yeye alichukua kamba akamfuata.

Mnajua visima vya kule vinavyochimbwa? Hamjui, mtajulia wapi. Ni vyembamba kama koo la chupa. Mchimbaji anachuchumaa ndani, magoti kifuani, sufuria kichwani, anakwenda chini shibiri kwa shibiri. Na chini hakuna hewa. Basi lazima awepo mtu wa juu wa kutupa mchanga. Anatupa konzi ya mchanga kwa nguvu, mchanga unashuka na hewa safi, hewa mbovu inapanda. Akichoka kutupa, wa chini anakufa. Ndiyo maana nawaambia, Pilakot ndipo mahali pekee duniani ambapo mama mkwe anakumwagia mchanga kichwani na wewe unasema ahsante.

Bi Jethi alikuwa akitupa konzi, kisha anauliza:

"Upo?"

Na kutoka chini: "Nipo!"

Dhapu alikuwa na binti, Chandi, wa miaka miwili. Siku hiyo ya kumi na tatu Chandi alikuwa analia mgongoni mwa bibi yake, na Dhapu alipomgeukia kumfuta machozi, hakukuta machozi. Mtoto anajikunja, anafungua mdomo, sauti inatoka, macho makavu kama kokwa. Dhapu akamtazama. Akavaa sufuria kichwani.

Siku hiyo hiyo Mfalme Gajpal aliwaita watu uwanjani. Mzee mwema, mwoga kidogo, mwenye tabia ya kushika ndevu akiona aibu. Akashika ndevu.

"Watu wangu, imebaki mitungi saba. Mji mzima, ukitoa matone ya majumbani, mitungi saba. Mimi siwezi kuzika watoto. Siku ya tatu kutoka leo, jua likiwa utosini, nitafungua lango."

Watu wakalia. Dhapu akauliza, "Bwana wangu, siku ya tatu, si kabla?"

"Siku ya tatu."

"Basi zizi lako nimelichukua. Hapo ndipo kilima kilipobonyea. Nachimba."

Wakaingia zizini, wale wawili na mtoto. Humo walikuwamo ng'ombe ishirini, ngamia arobaini, na farasi mweupe wa mfalme, mwenye maringo kuliko mfalme. Dhapu akachimba.

Siku ya kwanza, mchanga. "Upo?" "Nipo!"

Siku ya pili, changarawe. "Upo?" "Nipo!" Sauti inakuja kutoka mbali sasa, kama mtu anayeita kutoka kijiji cha pili. Mikono ya Bi Jethi ilikuwa imechubuka. Mtu akaja kumpokea, akamwambia, "Mama, pumzika." Akajibiwa, "Niliwahi kupumzika mara moja." Yule mtu akarudi nyuma polepole.

Mchana wa siku ya pili, sululu ikagonga kitu. Ko! Dhapu akagonga tena. Ko! Akapapasa kwa kiganja. Ulikuwa mwamba mweupe, mpana, mkavu. Hapana unyevu hata wa kulowesha kucha. Akaegemea ukuta wa kisima. Kule juu mbingu ilikuwa nukta, ndogo kama tundu la sindano. Mumewe alifia mahali kama hapa. Hapa hata kulala ni rahisi, alifikiri. Unafumba macho tu.

Mchanga ukamwagika juu ya sufuria. "Upo?"

Kimya.

Mchanga tena. "Upo?"

Kimya.

Mara ya tatu Bi Jethi hakutupa konzi, alitupa kikapu kizima, na sauti yake ikashuka pamoja nacho: "Dhapu! Mimi nimeshamwita mmoja asiniitike! Upo, hupo?"

Dhapu akakohoa. Akatema mchanga. Akachukua sululu, akapiga ule mwamba kwa hasira, kipande kikabanduka, kikapasuka mkononi kama kaukau za viazi. Akakisugua kwa kidole. Unga mweupe. Akakitazama. Halafu, nawaambieni, mwanamke yule akacheka peke yake ndani ya shimo.

"Nipo, mama! Vuta kamba! Na sitoki mikono mitupu!"

Akatoka mweupe pepepe kama mzimu wa unga. Bi Jethi akamkumbatia, akamzaba kofi la bega, akamkumbatia tena. "Umepata maji?"

"Nimepata chokaa."

"Chokaa! Chokaa tutainywa?"

"Sisi hatuinywi," akasema Dhapu. "Twende kwa mfalme."

Mbele ya mfalme akasimama na vumbi lake.

"Bwana wangu, nataka mambo matatu. La kwanza, zizi libaki langu, na wanyama wote ndani, wanikanyagie chokaa. Asiingie mtu ila mimi na mama. La pili, sukari guru yote iliyo ghalani kwa matajiri. Mafundi wa mbali huitia kwenye chokaa ishike." Akavuta pumzi. "La tatu, ile mitungi saba."

Ukumbi ukalipuka. "Mwendawazimu!" "Mtupeni nje!" Tajiri mmoja, ambaye kitambi chake hakikuwa na habari ya kuzingirwa, akasema, "Maji yaguse jiwe? Tangu dunia iumbwe?"

Mfalme akashika ndevu. "Binti yangu, nikikupa mitungi hiyo, kesho watoto watakunywa nini?"

"Na usiponipa, bwana wangu, kesho utafungua lango. Mitungi saba itanywewa na farasi wa Zorawar, na watoto watatazama. Chagua."

Mfalme akaziachia ndevu. Mwisho akasema, sauti imekauka: "Mpeni." Mitungi ikapelekwa zizini, mlango ukafungwa. Jiwe jeupe likachomwa kwa samadi kavu ya ngamia, likasagwa. Ndani ya zizi kulikuwa na shughuli, msiniulize. Tangu alfajiri akina mama walionekana wakipita mlango wa nyuma na watoto wao, wakitoka, midomo wameifunga. Ungedhani wamekwenda kuagana. Wekeni hilo mfukoni.

Siku ya tatu. Jua linapanda kwenda utosini. Lango ni la kufunguliwa.

Badala yake, juu ya ukuta wakatokea waashi na ndoo. Ndoo zimejaa uji mweupe wa chokaa, rojorojo. Wakaanza kuumwaga kwenye viungo vya mawe. Pwaa! Ukachuruzika ukutani, ukatona chini, tii, tii, tii. Dhapu anapiga kelele, "Ongezeni! Mbona nzito hiyo? Ilainisheni!" Na watu ambao ndimi zao zilikuwa zimeganda mdomoni wakaimba, wakapiga makofi, wakacheka. Waliocheka kuliko wote walikuwa watoto. Na Chandi, mgongoni mwa bibi yake, aliziba masikio kwa kelele, akaangua kilio, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Na hilo pia litieni mfukoni.

Kule chini farasi wakasahaulika na sabuni mgongoni. Zorawar akatazama. Akafuta macho. Akatazama. Akapanda mwenyewe mpaka chini ya ukuta, kitambaa cheupe kwenye mkuki, masharubu yanatangulia.

"Nyie! Mnafanya nini?"

Bi Jethi akachungulia. "Tunapiga lipu, baba. Nyumba ikipata wageni hupakwa kidogo."

"Mji huu haujawahi kulowesha jiwe!"

"Ndiyo maana tuna kazi nyingi leo."

"Maji mmeyatoa wapi?"

"Mkwe wangu huyu hapa amechimba." Akamsukuma Dhapu mbele, mweupe kuanzia nywele hadi kucha. "Muulize mwenyewe kama hakufika chini."

"Nilifika chini," akasema Dhapu. Na hapo, jamani, hakusema uongo.

Zorawar hakuwa mpumbavu, alikuwa mtoto wa mwashi. Akasema moyoni, huenda ni unga na maziwa ya mbuzi, wananichezea. Akachota tone ukutani kwa kidole. Akalisugua. Likanata. Akalinusa. Akakunja pua. Halafu akafanya alichomwona baba yake akifanya maisha yake yote kabla ya kuipokea chokaa ya fundi: akalilamba.

Waashi juu ya ukuta wakaacha ndoo zao hewani.

"Sukari guru!" akasema, na uso ukamwanguka. "Mmetia na guru."

"Si unajua ufundi, baba," akasema Bi Jethi. "Kwetu hatupendi vitu vya nusunusu."

Akalamba tena. "Lakini mbona ina chumvi?"

Mwashi mmoja akaanza kukohoa, akainama nyuma ya ukuta, mabega yanamtetemeka. Dhapu hakupepesa jicho.

"Kisima cha jangwani, jemadari. Siku za kwanza maji yake huwa na chumvi. Wiki ijayo yatatulia. Karibu uje uonje."

Zorawar akarudi nyuma hatua tatu. Akatazama ukuta. Yale mawe aliyoyaota, mawe ya kung'oa kama meno ya mtoto, sasa yanagandishwa moja kwa jingine. Kila ndoo inayomwagwa ni jiwe analopoteza. Na watu waliopaswa kufa kwa kiu wanamwaga maji kwenye vidole vya miguu yake. Anasubiri nini sasa? Asubiri wamalize kumpaka na yeye?

"Mmeyaharibu!" akalia. Kweli alilia, kama mtu aliyevunjiwa vyombo. "Mawe mazuri kama haya!"

Kabla kivuli hakijarefuka, hema zimekunjwa. Vumbi la jeshi lake likawa ukanda, likawa uzi, likawa si kitu. Lango likafunguliwa kweli siku hiyo, kama mfalme alivyoahidi, na watu wakateremka mbio ziwani, wengine na nguo zao, wengine na viatu, na mfalme mwenyewe akaingia na ndevu zake.

Mfalme akamwambia Dhapu, "Chagua jumba lolote lenye madirisha."

Dhapu akasema, "Nataka kamba mpya na sululu mpya. Lile shimo sijalimaliza." Na mwaka uliofuata akautoboa ule mwamba, akafika maji, maji baridi, hayana chumvi hata chembe.

Mpaka leo wageni wanakwenda Pilakot. Wanapanda kile kilima, wanapiga picha madirisha, wanapanda ngamia, wakishuka wanatembea kama wamevaa pipa. Mwisho wanapelekwa kwenye ule ukuta. Kote ni manjano, pale pana michirizi myeupe. Wanaambiwa: hapa ndipo mji ulipomwaga maji yake ya mwisho. Wanaweka kiganja. Wanaweka shavu. Wengine, kwa heshima, wanabusu.

Na mimi ningeishia hapo. Ningeishia, na nyie mngekwenda kulala mkisema, kijana anajua kusimulia. Lakini naona yule pale ameingiza mkono mfukoni, anatoa vile nilivyomwambia avitie. Haya, nakiri. Kuna sehemu nimeiruka.

Ile mitungi saba haikugusa chokaa. Hata tone. Dhapu alipofunga mlango wa zizi alimpa mama mkwe kikombe, na tangu alfajiri watoto wa Pilakot wakaingia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakanywa. Kila mtoto. Wa tajiri mwenye kitambi, wa mfua nguo, wote. Dhapu akaweka foleni, na binti yake mwenyewe akamweka mwisho, akamkamulia mtungi wa saba mpaka ukalia mtupu. Ndiyo yale machozi mliyoyaona.

Sasa mtaniuliza: chokaa ilichanganywa na nini?

Nawauliza na mimi: zizini kulikuwa na nani?

Ngamia arobaini. Ng'ombe ishirini. Na farasi mweupe wa mfalme, aliyeringa kwanza, halafu akachangia kuliko wote. Bi Jethi alishika ndoo, Dhapu akakoroga guru kuua harufu. Kama na Bi Jethi alitia chake, hapo nanyamaza, yule ni mama wa watu.

Na jemadari, ndugu zangu, alilamba mara mbili.

— Upo?
— Tupo!
— Ngano yangu imekwisha, mchanga wake kung'uteni hapa hapa. Aliyeniamini akanawe mikono. Asiyeniamini, Pilakot iko kule: aende akaulambe ukuta.